Kisufuria cha Ijumaa

Arua sasa inaitwa jiji. Dereva alitukumbusha mara tatu njiani, kwa sauti ya mtu aliyelijenga yeye mwenyewe. Nilishuka asubuhi, vumbi likaniingia puani, mbuzi wawili wakavuka barabara bila haraka mbele ya pikipiki, na mwanamke mmoja akamwaga maji ya kuoshea vyombo karibu kabisa na viatu vyangu. Jiji ndilo hilo.

Mkononi nilibeba kisufuria cha alumini chenye mfuniko wa kubana. Kilikuwa cha dada yangu. Kwa miaka mingi dada alikuwa na hoteli ndogo katika soko la Arua, meza tatu na mabenchi, na kila Ijumaa alikijaza kisufuria hicho angara, yule samaki mkavu wa ziwani, aliyepikwa kwa simsim, ufuta wa kwetu, iliyosagwa. Juu yake aliweka donge la ugali wa muhogo na ulezi lililofungwa kwa jani la mgomba, akampa dereva wa gari la Koboko. Ikifika saa ya swala, chakula kimeshafika kijijini Abuku kwa mama yetu. Jumatatu kisufuria kilirudi kitupu, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa.

Dada alifariki miezi mitatu kabla ya safari hii. Presha, walisema hospitalini, na mimi naamini, kwa sababu alikuwa nayo siku nyingi na vidonge alivimeza alipokumbuka. Nilipofika Abuku kutoka Jinja, ninakoishi, nilikuta kaburi limeshafunikwa. Nilikaa matangani siku mbili, nikachukua kisufuria, kitu pekee nilichokiomba, nikarudi kwenye cherehani yangu. Mimi ni fundi wa kushona. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mengi niliyoongeza baada ya hapo nimeyapata kwa kukaa kimya na kutazama watu wanapopimwa.

Kisha ikaja simu ya shemeji yangu, mjane wa binamu yangu, ambaye nyumba yake na ya mama zinatazamana.

"Shemeji, mama yako iko nakauka."

"Anaumwa?"

"Hapana umwa. Hapana kula. Nakunywa uji yake tu, ile napika yeye mwenyewe, na karanga ya kuchoma. Mutu mzima nakula karanga kama panya! Kama wewe nataka kumuona, kuja sasa. Kaburi uliona moja tayari."

Nilikata simu nikaona nimeelewa kila kitu. Mama amezoea mkono wa dada. Kwa hiyo nitakwenda Arua, nitafute katika masoko na hoteli zote mpaka nipate anayepika kama dada, nijaze kisufuria kilekile, nimpelekee. Sikumuuliza mtu yeyote. Anayekaa mbali na kwao huwa na uhakika wa namna hiyo.

Mahali pa dada nilipopajua mimi hapakuwapo tena. Soko la zamani lilikuwa mabati na moshi, na ukimtafuta mtu uliifuata harufu ya chungu chake. Sasa kuna jengo la ghorofa lenye ngazi na vigae, na baadhi ya akina mama ambao vizimba vyao viko juu huteremka na nyanya zao kuzitandaza chini, nje ya jengo, kwa kuwa mnunuzi wa nyanya hapandi ngazi. Niliwatazama wamekaa kwenye jua, wameegemea ukuta wa jengo lao, nikafikiri kwamba watu wa Arua ukiwapa paa watakaa nje yake na kulisifia.

Upande wa samaki nilisimama mbele ya mwanamke mnene aliyepanga angara wake kama vigae. Nilimwinua mmoja, nikamtazama tumboni.

"Mzee, wewe nataka kununua ama nataka kumuoa?"

Wenzake walicheka.

"Huyu amekaa sana," nilisema.

"Kila kitu hapa imekaa sana. Hata wewe."

"Dada yangu alikuwa anachukua wale wenye ngozi ya dhahabu."

"Basi dada yako akuje achukue."

Sikumwambia. Nilimrudisha samaki mahali pake nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia akiiga namna nilivyomgeuza, na vicheko vikapanda juu zaidi. Hawa ndio walikuwa majirani wa dada kwa miaka yote ile. Hakuna aliyeniuliza ninafanana na nani.

Hoteli ya kwanza niliyoingia ilikuwa na mlango wa kioo na televisheni kubwa kuliko dirisha. Vitambaa vya meza vilikuwa vimeshonwa kwa mshono mrefu wa uvivu, pindo linaning'inia kila upande. Ukutani pametundikwa picha za vyakula, na katika picha hata kabeji ilikuwa inatabasamu. Waliandika "Chakula cha Asili" kwa herufi nyekundu. Nilipomwomba msichana anionyeshe hicho cha asili, aliweka simu chini kwa masikitiko, akaniletea kijichungu cha udongo kinachotoa moshi. Kijichungu kilikuwa safi mno chini. Hakijawahi kuona moto. Nilichungulia jikoni nikaona sufuria kubwa ya alumini, na mpishi akichota humo mchuzi na kuumimina katika vijichungu vilivyopangwa, asili moja baada ya nyingine. Juu ya meza yake palijaa karatasi za vile vidonge vya kukolezea mchuzi.

Nilifunika kijichungu, nikalipa, nikatoka bila kugusa kitu.

Niseme ukweli: siku ile yote sikuonja chochote. Nilikuwa na imani kwamba chakula nakijua kwa macho na pua, kama ninavyokijua kitambaa kabla ya kukigusa. Niliingia hoteli ya pili nikarudi mlangoni kwa harufu ya mafuta yaliyochoka. Ya tatu walikuwa na simsim, lakini wameiongeza maji mpaka imekuwa rangi ya maji ya kufulia. Barabarani vijana wa bodaboda walikuwa wanakula chapati zilizoviringishiwa mayai, wamesimama, wanatafuna huku wanapiga honi. Nyumba nzima ya mgonjwa ingeshiba kwa mafuta yaliyowatiririka vidoleni. Kila nilipotazama, watu walikuwa wanakula. Sijui kama nimewahi kuchukia kitu kama nilivyochukia midomo ya Arua siku ile, inavyofunguka na kufungika kana kwamba hakuna aliyekufa.

Jioni ilipokaribia nilimpata mama mmoja mzee nyuma ya stendi, mwenye mafiga matatu na chungu kimoja. Simsim yake ilikuwa nzito, imepasuka mafuta juu, na samaki hakuvunjika. Nilimwonyesha kisufuria. Alikitambua.

"Hii iko ya yule mama wa soko. Yule wa Koboko."

"Alikuwa dada yangu."

Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema pole kwa Kilugbara na kwa Kiswahili. Kisha akachota kidogo kwenye kisahani akanisogezea.

"Kula kwanza, mwanangu. Ndipo nipakie."

"Sina njaa, mama. Pakia tu."

Alinitazama, akakirudisha kisahani taratibu. Nilidhani ameumia kwa kuwa anajivunia mapishi yake. Wapishi wote wa Arua wanajivunia, hilo nilikuwa nimeshaliona, na nilimsamehe.

Abuku nilimkuta mama yangu ameketi kizingitini. Simu ya shemeji haikutia chumvi. Mabega yalikuwa yamechomoza kama hanga ndani ya gauni, na mimi ndiye niliyelishona gauni lile. Nilijua vipimo vyake vya zamani, na nikaona kwa jicho ni inchi ngapi zimepotea. Baba yetu alikuwa askari, na mama alizunguka naye kambi kwa kambi akiwa mwanamke wa kubeba jiko kichwani na mtoto mgongoni. Sasa nilimshika kiwiko kumsimamisha nikaogopa kubana.

Nilikiweka kisufuria mbele yake mkekani. Alipitisha kidole juu ya mfuniko, pale penye kibonyo. Nikafungua. Nikasogea nyuma, nikakaa mikono magotini, nikasubiri.

"Wewe umekula, baba?" aliniuliza. Mama ameniita baba tangu nilipozaliwa, kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

"Nimekula njiani."

Nilimdanganya. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Alinitazama, akaitazama simsim, kisha akafunika. "Weka ndani. Nitakula."

Asubuhi kuku wa shemeji walikuwa wanagombania angara nyuma ya nyumba, na kisufuria kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu.

Nilijilaumu kwa kuchagua vibaya. Yule bibi wa nyuma ya stendi, nilijiambia, simsim yake ilionekana nzuri tu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nikakumbuka kwamba dada alikuwa akiongeza kijiko cha mafuta ya mawese, yale mekundu ya Kongo. Hicho ndicho kilichokosekana. Asubuhi ileile nilirudi Arua, na kutoka Arua nikaenda Vurra, mpakani.

Vurra ni foleni ya malori na watu wanaongoja mihuri. Madereva wanakula wamekaa kwenye ngazi za malori yao, sahani mapajani, na mbwa wanawasubiri wamalize kwa heshima kuliko wanavyosubiri maofisa. Wanawake wa Kongo wanavuka na mabeseni kichwani: kisamvu wanachokiita sombe, makayabu, wale samaki wa chumvi, na mawese kwenye chupa za soda. Nilimfuata mmoja ambaye beseni lake lilikuwa safi, kitambaa cheupe juu. Alikuwa na samaki katika mawese na simsim, wekundu mzuri, hata mimi nilikiri.

"Nijazie hiki."

"Lete mukono kwanza."

"Wa nini?"

"Onja, baba! Mutu hanunue chakula kama anafunga macho."

Alikuwa ameshachota tone la mchuzi kwa kijiko, tayari kulidondosha kiganjani mwangu. Niliuondoa mkono wangu.

"Weka tu kwenye sufuria."

Aliinua kijiko juu wenzake wote wakione. "Muangalie huyu! Anaogopa! Anazani nimetia dawa ya ng'ambo!" Kisha yeye mwenyewe akakilamba kijiko, akatoa ulimi nje na kuning'iniza shingo kama maiti, na wale wengine wakapiga makofi. Dereva mmoja juu ya ngazi alisongwa na ugali kwa kucheka.

Nilingoja wamalize. Huwa nangoja. Nilimpa pesa zake, nikachukua kisufuria, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza watu wasiokuwa na msiba wanavyokuwa wajinga.

Mama alikuwa palepale kizingitini. Shemeji alikuwa upande wa pili wa uwanja, anapeta ulezi, na alipoona nafungua kisufuria aliacha kupeta.

"Umekula?" mama aliuliza tena.

Safari hii sikudanganya. "Bado. Kula kwanza wewe, mama. Wewe ndiye mkubwa."

Nilisema hivyo kwa heshima. Ndivyo nilivyozoea Jinja, nyumbani kwa tajiri aliyenifundisha kazi: mkubwa ananawa kwanza, anakula kwanza, wadogo wanasubiri. Mama aliushusha uso. Kitu fulani kilipita pale, kama pazia linavyovutwa, na nikaona mkono wake unafunika kisufuria polepole, mpaka kikabana.

"Weka ndani, baba."

Ng'ambo ya uwanja, shemeji alisonya. Aliupiga ungo wake kwa nguvu, makapi yakaruka.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Nilishuka Koboko mjini na kisufuria, siku ileile ambayo dada angekuwa anakijaza. Mji wa Koboko haujidai kuwa jiji, na hicho ndicho kizuri nilichokiona. Mengine ni maduka yanayouza vitu vilevile kwa mstari mmoja, na wanaume waliokaa nje yake wakinywa chai yenye tangawizi na sukari ya kuua nyuki, wakisimuliana vita ambavyo wengine walipigana na wengine walivikimbia, na wote sasa wanasimulia sawasawa. Wengi ni watoto wa askari kama mimi. Katika hoteli moja walikuwa wanapondaponda maharage ya ful kwa chupa, mafuta yanamiminwa, vitunguu juu, na kila mtu anachovya mkate katika bakuli moja. Mwanaume mmoja alisogea kunipisha.

"Kaa, ndugu. Kula. Iko mingi."

"Asante. Nimeshiba."

"Shiba ya wapi? Sura yako iko kama ya mutu ametoka lupango."

Walicheka, mkate ukiwa mdomoni. Niliona ulimi wa mmoja, na ful juu yake. Nikageuka nikaondoka. Niliizunguka Koboko nzima, soko lake na vibanda vyake, na mwisho nilikuwa nadharau hata kabla sijafika: hii majivu, hii maji, hii jana, hii mikono michafu. Nikapanda pikipiki kurudi Abuku na kisufuria kitupu.

Shemeji alinisubiri njiani, pale njia ya miguu inapoingia uwanjani. Alikuwa ameweka mikono kiunoni. Alikitwaa kisufuria mkononi mwangu, akakifungua.

"Leo umeleta nini? Upepo?"

"Sikupata kitu cha maana."

"Sikupata kitu." Alirudia maneno yangu kwa sauti nyembamba, ya Kijinja. "Arua yote, Vurra yote, Koboko yote. Watu elfu ngapi nakula pale kila siku, na hapana kufa. Wewe tu ndiye una ulimi."

"Mama hataki chakula kibaya."

"Nani amekuambia yeye nataka chakula nzuri?"

Alikifunga kisufuria kwa kishindo.

"Shemeji, mimi nitasema na wewe utasikia. Siku ya matanga nani alipika?"

"Wewe."

"Siku mbili. Macho yangu na moshi, hivi. Wali, maharage, nyama ya ile mbuzi. Watu wote walikula. Wewe ulikaa kwenye baraza na kikombe ya maji. Nilikuletea sahani, ukasema asante, ukaiweka chini. Niliituma tena, ukaiweka chini. Siku mbili! Kaka wa marehemu, mutoto wa nyumba, hapana weka kitu mdomoni katika matanga ya dada yake. Na kabla ya siku ya tatu ukapanda gari ukaenda. Watu walisema nini?"

Hapo ndipo nilipomwelewa.

Kwetu hakuna asiyejua jambo hili, na mimi nililijua tangu nikiwa mtoto wa kambini. Anayeleta chakula anaonja mbele yako. Anayeuza pombe anakunywa funda la kwanza. Kila siku ya maisha yake baba alimtazama mama akimega tonge la kwanza na kulimeza, ndipo na yeye akanyoosha mkono. Haikuwa kwa sababu hamwamini, ilikuwa ni adabu tu, kama kubisha hodi. Na mtu akikataa kula katika nyumba yenye msiba, hasa mtu wa damu, hasemi kwamba hana njaa. Anasema kwamba humu ndani kuna mkono aliouona ukitia kitu.

Wallahi sikumwona mtu. Sikuwaza sumu hata mara moja. Nilikataa chakula kile kwa dharau. Niliwaona wamekuja na matumbo yao, nikamwona mzee mmoja wa ukoo akiomba sahani ya tatu na mdomo unameremeta mafuta ya mbuzi, mchanga wa kaburi ukiwa bado mbichi, na nikawadharau wote, na maharage yao, na aliyeyapika. Nilijiona mimi ndiye mwenye huzuni ya kweli kwa kuwa tumbo langu lilikuwa tupu.

"Walisema wewe unajua," shemeji aliendelea. Sauti yake ilishuka. "Walisema fundi amekaa kimya, lakini ameona. Dada yake hapana kufa bure. Na nani alipika? Mimi. Nani alikuwa naenda kwa dada yako Arua, nalala kwake, nakula kwake? Mimi. Tangu siku ile mama hapana pokea hata chumvi kwa mukono yangu. Mimi naonja mbele yake, nakula nusu sahani, nasema, angalia mama, mimi nakufa? Yeye nasema, mutoto wangu aliona. Na kisimani wanawake nachota maji yao haraka-haraka nikikuja."

"Na bado ulinipigia simu."

"Ningempigia nani? Yule wa chini ya udongo?"

Nilikumbuka kisahani cha bibi wa nyuma ya stendi. Nilikumbuka kijiko cha yule Mkongo, na namna nilivyouondoa mkono. Siku mbili mfululizo nilikuwa nimemletea mama chakula, nikakiweka mbele yake, nikarudi nyuma nikakaa mikono magotini. Mara mbili aliniuliza kama nimekula. Mara ya pili nilimjibu: kula wewe kwanza.

"Jikoni kwako kuna nini?" nilimuuliza.

"Maharage. Ya jana."

"Pakia."

Alinitazama kama anataka kuniona mpaka ndani ya mifupa. Kisha akaenda. Alirudi na kisufuria kimejaa, ugali juu, jani la mgomba limefungwa vibaya, linachuruzika. Dada asingekubali fundo kama lile. Niliona hilo, na ninaandika kwamba niliona, kwa sababu hata wakati ule jicho langu lilikuwa halijaacha kazi yake.

Tulikwenda pamoja mpaka kizingitini. Sikuketi pembeni. Nilinawa, nikakaa chini mkekani mbele ya mama, kisufuria katikati, shemeji akasimama nyuma yangu. Akina mama wawili waliokuwa wanapita na kuni walipunguza mwendo.

"Mama," nilisema, "siku ile ya matanga sikuona kitu. Sikumwona mtu. Niliwadharau watu tu. Hiyo ndiyo ilikuwa."

Mama alikuwa anautazama mkono wangu.

Nilimega. Nikachovya. Nikala.

Siwezi kusema yalikuwa matamu. Yalikuwa na vile vidonge vya dukani, chumvi imekimbia mbele ya kila kitu, na baadhi ya maharage yalikuwa magumu kiini, yanagoma kati ya meno. Nilimeza. Nikamega tena, tonge kubwa, nikachovya mpaka kidole kikazama. Nilikuwa na njaa ya siku tatu na pengine ya miezi mitatu, na mwili wangu ulikula kama midomo ile ya Arua, bila aibu, mchuzi ukanitiririka mpaka kiwikoni. Sikumbuki nilianza kulia kwenye tonge la ngapi. Nililia natafuna. Sura hiyo nadhani ilikuwa mbaya sana kuitazama, na mama aliitazama yote.

"Maji," alisema.

Shemeji hakusogea, alidhani hakusikia vizuri.

"Lete maji ya kunawa, mwanamke. Ama nawe umekauka?"

Shemeji alikimbia. Alimmiminia maji mikononi kwa haraka, mengine yakalowesha gauni. Mama alinawa taratibu, akajifuta kwenye khanga. Akamega tonge dogo, la ndege, akachovya ncha tu. Akatafuna muda mrefu. Wale akina mama wa kuni walikuwa wamesimama kabisa, wametua mizigo.

"Chumvi mingi," mama alisema.

Akameza.

"Na hii maharage hapana iva. Nani amekufundisha kupika, wewe? Kama marehemu angekuwa hapa, angekutoa jikoni kwa mwiko."

"Iliiva tangu jana, mama," shemeji alisema. "Wewe ndiye umechelewa."

Mama alisonya. Akakivuta kisufuria karibu na goti lake, mbali na mimi, akamega tena.